Mlango wa Nyuma wa Ukumbi

Kwa sisi tuliotoka bonde la Ruzizi, ukitaja moto wengi tunafikiria Sange. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 2 Julai 2010, siku ya robo fainali za Kombe la Dunia, ile siku Ghana ilicheza na Uruguay. Lori la mafuta lilipinduka pale Sange, kwenye barabara inayounganisha Bukavu na Uvira. Mafuta yakamwagika, watu wakaja na vidumu na mabeseni, halafu moto ukalipuka. Walikufa watu zaidi ya 230.

Tukisimulia Sange, tunasimulia vidumu. Tunasema umaskini, tunasema tamaa, tunasema watoto waliotumwa kuchota. Ni kweli yote. Lakini wengi waliokufa hawakuchota hata tone. Walikuwa wameketi ndani ya vibanda vya sinema, macho kwenye televisheni, wanaangalia mpira. Moto uliwafuata humo humo ndani.

Swali langu ni la hao walioketi. Mtu akikaribishwa ndani ya ukumbi, akalipa, akakaa, nani anajibu kwa usalama wake? Nauliza kwa sababu mimi nafanya kazi na vijana hapa makazini, Uganda, na ukumbi wetu ni ule ule wa kila kitu: mpira, ndoa, kilio, ibada, ushonaji, mikutano ya ugawaji. Una milango miwili. Wa mbele unafunguliwa kila siku. Wa nyuma una mnyororo na kufuli, na ufunguo anao mtu mmoja anayeishi kijiji kingine. Mwezi huu kamati inaamua kama kufuli hilo libaki. Kabla ya kusema neno nilitaka kujua watu wengine waliamua nini kuhusu milango yao, na nini kiliwapata.

Nianze na watoto, juu ya kazi yangu. Tarehe 16 Juni 1883, katika mji wa Sunderland, Uingereza, watoto walijaa ukumbi wa Victoria Hall kuangalia maonyesho ya mazingaombwe. Mwishoni zikaanza kugawiwa zawadi kutoka jukwaani. Wale wa ghorofani wakaona wa chini wanapata na wao hawapati, basi wakakimbilia ngazi. Chini ya ngazi kulikuwa na mlango unaofunguka kwa ndani, na ulikuwa umekazwa kwa komeo ukaachwa upenyo mdogo wa kupita mtoto mmoja mmoja, ili tiketi zikaguliwe vizuri. Wa kwanza walikwama, wa nyuma wakaendelea kusukuma bila kujua. Watoto 183 walikufa pale. Hakukuwa na moto wowote.

Mtu yeyote aliyewahi kusimamia foleni ya ugawaji hapa kwetu anajua kelele ya dakika ile, pale watu wanaposikia kwamba vitu vinaisha. Mimi nikisoma habari ya Sunderland sisomi habari za Wazungu wa zamani. Naona foleni ya sabuni.

Miaka 20 baadaye, mlango ukafungwa kwa sababu nyingine. Jumba la Iroquois huko Chicago lilifunguliwa Novemba 1903 na kutangazwa kwamba haliwezi kuungua. Tarehe 30 Desemba, wiki tano tu baada ya kufunguliwa, taa ya jukwaani iliwasha pazia mchana, jumba likiwa limejaa akina mama na watoto wa likizo. Pazia la kuzuia moto lilikwama njiani likishushwa. Watu wakakimbilia milango. Mingine ilikuwa imefichwa nyuma ya mapazia ya urembo, mingine ilikuwa na vitasa ambavyo hakuna aliyejua kuvifungua, mingine ilifunguka kwa ndani. Kwenye ngazi kulikuwa na mageti ya chuma yaliyofungwa wakati wa onyesho, ili mwenye tiketi ya bei ndogo asishuke kukaa kwenye kiti cha bei kubwa. Walikufa watu 602.

Kuna mtu aliyekuwa amepanga kwenda kuona onyesho hilo, kazi ikamzuia. Aliitwa Carl Prinzler, muuzaji wa vifaa vya chuma kutoka Indianapolis. Jambo hilo halikumtoka kichwani. Akishirikiana na msanifu Henry DuPont, alitengeneza kifaa kilichoanza kuuzwa mwaka 1908, na mpaka leo unakiona kwenye milango ya hospitali kubwa na majumba ya mikutano. Ni chuma kinacholala kwa upana wa mlango, upande wa ndani. Aliye nje bila ufunguo haingii. Aliye ndani akikisukuma kwa mkono au kwa kiuno, au hata akisukumwa na umati akakiegemea, mlango unafunguka kwenda nje. Hebu tuangalie vizuri alichofanya. Hakuwaambia wenye majumba waache kuogopa wezi. Alitenganisha mambo mawili ambayo kufuli letu linayachanganya: kumzuia mtu kuingia, na kumzuia mtu kutoka.

Kujua dawa si kuinywa. Tarehe 23 Aprili 1940, huko Natchez, jimbo la Mississippi, watu weusi kama 700 walijaa Rhythm Club kumsikiliza mwanamuziki Walter Barnes na bendi yake kutoka Chicago. Jengo lilikuwa la mbao lililovikwa mabati, kama majengo tunayoyajua sisi. Juu walikuwa wametundika majani makavu ya urembo yaliyopuliziwa dawa ya wadudu yenye mafuta ndani yake. Madirisha yalikuwa yamepigiliwa mbao ili wasiolipa wasichungulie. Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa. Uliobaki ni wa mbele peke yake, na ulifunguka kwa ndani. Moto ulianzia karibu na huo mlango wa mbele. Watu wakakimbilia nyuma, ambako hakukuwa na njia. Walikufa 209, pamoja na Barnes na wengi wa wanamuziki wake.

Nimeshasikia mtu akisema hayo ni ya Ulaya na Marekani. Basi tuvuke mpaka tu hapa. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, Kenya, lilichomwa kwa petroli. Mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo. Walikufa wavulana 67. Mwaka 2008 serikali ya Kenya ikatoa mwongozo wa usalama wa shule: milango ya bweni ifunguke kwenda nje, isifungwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani, madirisha yasiwe na nondo. Mwongozo ni mzuri. Lakini Septemba 2024 moto wa bweni uliua wavulana 21 katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri. Karatasi haifungui mlango. Anayefungua ni mtu, tena anafungua siku ambayo hakuna kitu kimetokea.

Ukiziweka habari hizi pamoja, huoni muuaji kwenye ule mlango. Hata Kyanguli, ambako moto uliwashwa na mtu, aliyefunga mlango alikuwa mwingine na nia yake ilikuwa nyingine. Sunderland walifunga kwa ajili ya tiketi, Chicago kwa ajili ya viti, Natchez kwa ajili ya wachunguliaji. Shuleni hufunga ili watoto wasitoroke na mwizi asiingie. Kila sababu ilikuwa ya akili, na kama mimi ningekuwa kwenye kamati zao pengine ningeinua mkono pamoja nao. Hicho ndicho kinaniogopesha, kwa sababu kufuli letu pia lina sababu ya akili. Betri ya sola iliibwa na ikatolewa kupitia mlango ule ule, watu wakiwa kwenye sherehe. Viti vya plastiki vikafuata. Siku za mpira vijana walikuwa wakifunguliana kwa nyuma ili wasilipe ile shilingi 500.

Mzee mmoja wa kamati, ambaye namheshimu kama baba, aliniambia, "Mwanangu, moto haujawahi kuja hapa. Mwizi amekuja mara mbili."

Namjibu kwa heshima yote. Mzee wangu, hata Iroquois moto ulikuwa haujawahi kufika. Tena ukumbi wetu una jambo moja ambalo tumelizoea hadi hatulioni. Jenereta inakaa kando ya mlango wa mbele, kwa sababu waya haufiki mbali zaidi, na kidumu cha petroli kinakaa pembeni yake. Jenereta hiyo ikishika moto usiku wa mpira, moto utakuwa umesimama kwenye mlango pekee ulio wazi. Itakuwa Natchez kabisa. Na sisi wa Sange hatuhitaji kufundishwa petroli inafanya nini.

Ongeza ndoa. Siku ya ndoa tunatundika vitenge na mapazia ukuta mzima wa nyuma, juu ya ule mlango, hadi mgeni hawezi kujua kama kuna mlango pale. Tunapamba kwa sponji na majani makavu. Moto ukianza, moshi unapanda hadi kwenye mabati, na ukikosa pa kutokea unaanza kushuka. Taa inazimika. Wengi hukosa pumzi kabla moto haujawagusa. Kwenye giza hilo mtu hatafuti mlango mpya, anarudi alikoingilia.

Mwezi uliopita niliomba ufunguo nikafanya jaribio na vijana wangu. Hatukukimbia, tulitembea haraka tu. Mara ya kwanza walitoka wote kwa mlango wa mbele, mara ya pili kwa milango miwili. Mara ya kwanza walibanana mlangoni, mdogo mmoja akapoteza ndala, akainama kuitafuta, na foleni yote ikasimama juu ya ndala moja. Mara ya pili walikuwa nje kabla sijafika nusu ya hesabu ile ya kwanza. Kijana mmoja akaniambia ameishi hapa miaka minne na hajawahi kupita mlango ule.

Kwa hiyo mbele ya kamati nitasema mambo machache, yote ya fundi wa hapa hapa na ya mikono yetu. Kwanza, mnyororo na kufuli vitoke kwenye mlango wa nyuma, liwekwe komeo la chuma la kutelezesha, upande wa ndani, lisilohitaji ufunguo. Jioni ukumbi ukiwa mtupu, aliye zamu analisukuma komeo, anatokea mbele, anafunga mbele kwa kufuli. Mwizi wa nje hatafungua. Pili, bawaba zigeuzwe milango yote miwili ifunguke kwenda nje. Tatu, betri ijengewe sanduku lake la chuma, na viti vifungwe mnyororo kwenye stoo. Kama ni kufungia, tufungie mali, watu tuwaache. Nne, kila penye shughuli kijana mmoja akae mlango wa nyuma. Atawazuia wasiolipa, na ikibidi ndiye atakayefungua. Vijana wangu wameshakubali zamu hiyo. Tano, waya wa jenereta uongezwe, jenereta ihamie nyuma ya jengo, mbali na milango yote miwili, petroli isikae nayo, na pawe na ndoo za mchanga karibu.

Najua itakayoulizwa: pesa. Bawaba, komeo, waya na sanduku la betri vinagharimu. Lakini tumeshachanga kwa ajili ya spika kubwa, na tulichanga wiki mbili tu ikatosha. Na nikisikia tena kwamba tusubiri shirika lije litujengee ukumbi bora, nitakumbusha kwamba kutoa kufuli hakusubiri mfadhili.

Sisi tunajua kukimbia kuliko watu wengi. Tulitoka nyumbani usiku, wengine kwa madirisha, tukavuka mpaka tukiwa na tulichoweza kubeba. Watoto wetu waliozaliwa hapa hawana somo hilo, na sitaki walijifunzie ndani ya ukumbi wa mpira. Wao wanatuamini tu kwamba mahali tulipowaketisha pana njia ya kutoka. Kwa hiyo iwe desturi, kama tunavyoanza kila mkutano kwa sala: kabla mgeni rasmi hajakaa, mtu mmoja apite nyuma ya mapazia, ausukume ule mlango, na sote tuone umefunguka.