Kilwa Kisiwani: Dola huinuka na kuanguka vipi?



Kijana mwenye asili ya pwani ya Afrika Mashariki anayekulia Muscat, London au Minneapolis huenda hajawahi kukanyaga Kilwa Kisiwani. Hata hivyo, huenda ameshaijenga. Katika mchezo wa kompyuta uitwao Civilization, ambao mwaka 2018 ulipata toleo la nyongeza kuhusu kuinuka na kuanguka kwa dola, Kilwa Kisiwani ni mojawapo ya maajabu ya dunia. Mchezaji huchagua ardhi tambarare kando ya bahari, husubiri zamu zitimie, na mji husimama.

Mchezo huo, kazi ya Sid Meier na Bruce Shelley, ulitolewa mara ya kwanza mwaka 1991. Humkabidhi mchezaji taifa changa mnamo mwaka 4000 kabla ya Kristo na kumtaka alivushe karne baada ya karne hadi zama za safari za anga. Je, mchezo wa namna hiyo una la kufundisha kuhusu dola za kweli?

Nguvu ya wajumbe

Anayeikamilisha Kilwa mchezoni hapewi jeshi wala ngome. Hupewa wajumbe watatu wa kutuma katika miji mingine kutafuta urafiki. Hapo watengenezaji waliisoma historia vyema.

Kilwa ya kweli ilikuwa kiungo. Vyombo vya tanga kutoka Bara Arabu na India, vikisukumwa na kaskazi, viliweza kufika Kilwa, kufanya biashara, na kurejea na kusi mwaka huo huo. Kwenda mbali zaidi kusini kulikuwa ni kuhatarisha kukosa upepo wa kurudi. Dhahabu ya nyanda za juu za Zimbabwe ilishuka hadi Sofala, katika Msumbiji ya leo, kisha ikapandishwa Kilwa, ambako ilikutana na vitambaa, shanga na vyombo vya kaure kutoka China.

Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331, aliusifu uzuri wa mji huo. Sultani wakati huo alikuwa al-Hasan bin Sulaiman, aliyejenga kasri la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane, juu ya genge linalotazama bahari. Sarafu yenye jina lake imepatikana katika magofu ya Great Zimbabwe, mamia ya kilomita kutoka pwani. Lakini Husuni Kubwa lilihamwa baada ya muda mfupi, na inaaminika halikukamilika kamwe. Mji wenyewe uliendelea kustawi. Fahari ya jengo na uhai wa mji havikuwa kitu kimoja.

Safu ya mbele

Wazee wa pwani walikuwa na mchezo wao wa mkakati kabla ya kompyuta. Katika bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, kete iliyoliwa haitupwi nje. Huhamia upande wa aliyeila na kuendelea kuzunguka. Na mchezaji aliyeishiwa kete katika safu yake ya mbele ameshindwa, hata kama safu ya nyuma imejaa tele.

Ndivyo ilivyokuwa Kilwa. Mwaka 1502 Vasco da Gama aliulazimisha mji huo kulipa kodi kwa mfalme wa Ureno. Julai 1505 Francisco de Almeida aliuteka, akajenga ngome, na kumtawaza mtawala aliyemtaka, Muhammad Ankoni. Mwaka huo huo Wareno walijenga ngome nyingine Sofala. Dhahabu ilikuwa ingali ardhini, na Kilwa ilikuwa ingali na nyumba zake za mawe. Njia kati ya viwili hivyo ndiyo iliyokatwa. Wafanyabiashara Waislamu wakahamia kwingine, hasa Angoche, na Wareno wenyewe hawakuipata dhahabu waliyoitarajia. Mwaka 1512 waliiacha ngome ya Kilwa.

Lakini mizinga peke yake haielezi yote. Amir Ibrahim, aliyekimbia mbele ya Almeida, hakuwa wa ukoo halali wa kifalme. Kwa miaka mingi maamiri na masultani walikuwa wakinyang'anyana kiti. Miji ya pwani nayo haikuwa na neno moja. Malindi, hasimu wa Mombasa, ilimkaribisha Vasco da Gama mwaka 1498. Toleo lile la mwaka 2018 lina kanuni inayofanana na hali hii: mji ambao utiifu wake umepungua huweza kuiacha dola yake bila upanga kuchomolewa.

Nani alilipa?

Hata hivyo, kuna jambo ambalo mchezo hauonyeshi. Kilwa iliinuka tena katika karne ya 18. Mwaka 1776 sultani wake alitia saini mkataba na Mfaransa Jean-Vincent Morice, wa kumpatia watumwa wasiopungua 1,000 kila mwaka. Kwenye kioo cha kompyuta, kupanda huko kwa biashara kungeonekana kama hazina inayojaa. Mchezaji hukaa daima katika kiti cha mtawala. Haketi kamwe mahali pa aliyefungwa minyororo na kushushwa pwani. Hivyo anayeuliza dola iliinukaje hana budi kuuliza pia iliinuka juu ya mabega ya nani.

Leo magofu ya Kilwa Kisiwani yako katika Tanzania, na tangu mwaka 1981 yamo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mwaka 2004 yaliingizwa miongoni mwa yaliyo hatarini, na mwaka 2014, baada ya kazi ndefu ya kuyahifadhi, yakaondolewa humo. Mchezoni, ajabu ya dunia ikishajengwa hailiwi na chumvi wala mawimbi. Kisiwani, kuta hizo zimesimama kwa sababu kuna watu wanaoendelea kuzishikiza.