Rangi Tatu za Ukuta: Pambo la Nyumba na Maneno Yake katika Nachingwea na Ruangwa

Kila mwanafunzi wa sarufi ya Kiswahili hufundishwa mapema kwamba lugha hii ina maneno matatu tu ya sifa za rangi yanayokubali vitangulizi vya ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine zote huazima jina la kitu. Kijani ni cha jani, kahawia ni ya kahawa, zambarau ni tunda, manjano ni kiungo cha mchuzi, samawati ni mbingu zenyewe zilizoletwa na Kiarabu. Hata neno rangi si la asili, bali limetoka Uajemi. Jambo hili husemwa darasani kama upungufu wa kuchekesha, kisha somo likaendelea. Lakini mtu akitoka Lindi kwenda bara, akafika Ruangwa na kisha Nachingwea, na akazitazama nyumba za udongo zilizobaki katika vijiji vya Wamwera na majirani zao Wayao, Wamakua na Wamakonde, ataona rangi hizo hizo tatu zimekaa ukutani, wala hazikukaa kwa upungufu.

Nyumba ya kawaida ya nchi hiyo ilikuwa na kazi mbili, na kazi hizo zilikuwa na watu wawili. Kusimamisha nguzo, kufunga fito kwa kamba na kuezeka nyasi ilikuwa kazi ya wanaume. Kiambaza kilipokwisha kukandikwa na kukauka, kikapasuka nyufa kama ilivyo tabia ya udongo, ndipo wanawake walipoanza kusiliba. Kukandika ni kujaza; kusiliba ni kupaka, kwa kiganja, udongo laini uliochekechwa na kulowekwa, mpaka ukuta ukawa na uso. Tofauti ya vitenzi hivi viwili ni tofauti ya ukuta wa kuzuia upepo na ukuta wa kutazamwa. Kwingineko katika Tanzania samadi ya ng'ombe huchanganywa na udongo wa kusilibia, lakini katika nchi hii ya mbung'o ng'ombe walikuwa haba, kwa hiyo udongo wenyewe ulibidi uchaguliwe vizuri zaidi, na udongo wa kichuguu ulithaminiwa kwa kushikana kwake.

Nyeupe ilitoka katika udongo wa mabondeni au katika majivu. Nyekundu ilikuwa chini ya miguu ya kila mtu. Nyeusi ilitoka jikoni, katika masizi ya chungu na mkaa uliosagwa. Hapana rangi hata moja iliyonunuliwa. Ukuta wa juu ukapakwa rangi nyepesi, na chini, kwa kimo cha goti au zaidi, ukazungushwa mkanda wa rangi nzito. Wageni wengi wameuona mkanda huu kuwa pambo tupu. Sababu yake ni mvua. Nchi ya Lindi ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hata Aprili, na maji yanayomwagika kutoka upenuni hurusha matope mekundu juu ya ukuta. Ukuta mweupe hauwezi kuvumilia jambo hilo hata mwezi mmoja. Kwa hiyo mwanamke aliyechagua nyekundu au nyeusi kwa sehemu ya chini alikuwa amekwisha kukubaliana na mvua kabla haijanyesha, na juu ya mkanda huo akawa na uhuru wa kuchora pembe tatu, madoa, au mistari iliyouzunguka mlango na dirisha.

Kazi hiyo ilirudiwa baada ya mavuno, nchi ikiwa kavu na ghala zikiwa na kitu. Ndio wakati wa jando, unyago na arusi, wakati wageni wanapokuja na ukuta unapotazamwa na macho yasiyo ya wenyeji. Ukuta uliosilibwa upya ulikuwa mwaliko kabla ya mwaliko.

Ushahidi ulioandikwa juu ya michoro hiyo si mwingi, na ulio bora umetoka kwa mtu aliyekuja kwa shughuli nyingine. Mwaka 1906, vita vya Maji Maji vikiwa havijapoa, Karl Weule wa jumba la makumbusho la Leipzig alifika Lindi, akaenda Masasi na nyanda za Newala. Njia yake ilipita kusini ya Nachingwea ya leo, ambayo kama mji ilikuwa haijakuwapo. Kitabu chake kilitoka mwaka 1908, na mwaka uliofuata kikatafsiriwa kwa Kiingereza na Alice Werner, ambaye jina lake halihitaji kuelezwa kwa wasomi wa Kiswahili. Humo, miongoni mwa habari za unyago na mazoezi ya kuwachoresha wapagazi wake kwa penseli, imo picha ya michoro ya ukutani katika nyumba ya Wayao. Weule alivutiwa na wachoraji kuliko na nyumba. Aliutazama ukuta kama karatasi. Swali la kwamba nani aliusiliba, kwa udongo gani, na kwa neno gani, halikumshughulisha sana. Hata hivyo alitazama, jambo ambalo serikali yake haikulifanya: tangu mwaka 1898 Wadachi walizihesabu nyumba hizo kwa ajili ya kodi, na kwa mtoza kodi nyumba iliyochorwa na isiyochorwa zilikuwa na bei moja.

Rangi tatu za ukuta zina ndugu zake katika nguo. Biashara ya karne ya 19 kutoka Kilwa na Lindi kwenda bara ilichukua hasa nguo za aina tatu: merikani, ambayo ilikuwa nyeupe isiyong'aa na iliitwa kwa jina la nchi iliyoifuma, kaniki, nguo ya nili iliyokoza hata ikahesabiwa kuwa nyeusi, na bendera, nguo nyekundu iliyochukua jina la bendera yenyewe. Mtu aweza kusema kwamba wafanya biashara walileta kilichotakiwa, au kwamba watu walitaka kilicholetwa. Lililo wazi ni kwamba nyeupe, nyeusi na nyekundu zilikuwa na mahali pa kukaa katika mwili na katika nyumba pia, na kwamba neno la nne la rangi lilipoingia, liliingia likiwa ni bidhaa. Hudhurungi, ambalo leo ni jina la rangi, lilikuwa kwanza jina la nguo iliyotoka Maskati.

Mwaka 1969 Brent Berlin na Paul Kay walitoa kitabu chao maarufu kilichodai kwamba lugha zote hupata majina ya rangi kwa utaratibu mmoja: kwanza nyeupe na nyeusi, kisha nyekundu, kisha nyinginezo. Kiswahili huingia katika utaratibu huo bila taabu, na labda kwa urahisi kupita kiasi. Wataalamu hao waliuliza watu majina ya vipande vya rangi. Nyumba ya Nachingwea yauliza jambo jingine: ni rangi gani iliyoweza kushikwa kwa mkono, kukaa juu ya udongo na kutengenezwa tena mwakani bila fedha? Mtu wa Ruangwa aliliona jani bichi kila siku ya masika. Hakuwa na njia ya kulipaka ukutani.

Rangi ya nne ilipitia sakafuni na kitandani. Mkeka wa ukindu ulitiwa nyeusi ya mizizi ya mdaa na wekundu wa mzingefuri, na pia manjano, na chane zilizotiwa rangi zikasukwa katika ukili pamoja na zile nyeupe. Kisha ikaja kanga, na pamoja nayo rangi ambazo udongo haukuzijua kabisa. Ikumbukwe kwamba kanga haikukaa mwilini tu: iliyochakaa kidogo ilitundikwa mlangoni mwa chumba ikawa pazia, na kwa njia hiyo samawati na zambarau zikaingia katika nyumba ambayo kuta zake hazikuwa nazo.

Mwaka 1947 ukaanza mpango wa karanga. Serikali ya Uingereza, ikiwa na njaa ya mafuta baada ya vita, ilikusudia kulima mamilioni ya ekari katika Tanganyika, katika sehemu za Kongwa, Urambo na Jimbo la Kusini, na katika Jimbo la Kusini makao yakawa Nachingwea. Bandari ilijengwa Mtwara na reli ikatandikwa. Mwezi wa Januari 1951 mpango ukaachwa, baada ya kula zaidi ya pauni milioni 36. Habari ya karanga zenyewe imesimuliwa mara nyingi, kwa kicheko na kwa hasira. Habari ya nyumba imesimuliwa kidogo. Kambi za kampuni zilileta katika nchi hiyo kitu kigeni kuliko trekta: nyumba nyingi zilizofanana, zilizopangwa kwa mstari, zilizopakwa na mtu asiyelala ndani yake. Kibarua aliyekaa humo hakuwa na ruhusa ya ukuta, wala mkewe, ikiwa alikuwa naye. Hapo ndipo nyumba kavu, isiyo na mkono wa mwenyewe, ilipoanza kuonekana kuwa ndiyo nyumba ya kisasa. Kwa bahati, mwaka 1950, wakati miti ilipokuwa ikiangushwa kwa minyororo, Lyndon Harries alitoa sarufi yake ya Kimwera. Lugha ya watu wa mahali hapo ikapata kitabu wakati ule ule nyumba zao zilipokuwa zikipata mfano mpya.

Reli iling'olewa katika miaka ya 1960, na moja ya mashamba ya karanga, Shamba Namba 17, likawa kambi ya wapigania uhuru wa FRELIMO. Mfano wa mstari ulibaki. Ulirudi kwa nguvu kati ya 1973 na 1976, watu walipohamishiwa vijijini. Nyumba za kuhamia zilijengwa kwa haraka. Zilikandikwa, na nyingi hazikusilibwa. Hapa kitenzi chatoa ushahidi ambao takwimu haziwezi kuutoa. Mtu hukandika mahali anapolala, lakini husiliba mahali anapokaa. Katika kijiji kipya, mkanda wa kwanza mwekundu uliotokea chini ya ukuta ulikuwa habari kwamba jamaa mmoja amekata shauri la kutohama.

Wakati huo huo kampeni ya nyumba bora ilihimiza matofali, saruji na bati. Hapana wa kulaumu jambo hilo: nyasi huvuja, huungua, na mchwa haujali michoro. Lakini nyumba ya udongo ilipohesabiwa kuwa ni alama ya umaskini, sanaa yake ilihesabiwa pamoja nayo, na mwanamke aliyekuwa fundi akawa mtu wa kungoja fundi. Fedha za mabadiliko hayo zilitoka hasa katika korosho. Zao hilo lilifikia kilele katika msimu wa 1973/74, nchi ilipovuna tani 145,000 hivi, kisha likaanguka vibaya, na nyumba nyingi za matofali zikangoja miaka bila lipu wala rangi, nusu za kisasa, zikiwa na ukavu ambao nyumba ya udongo haikupata kuwa nao.

Ndani ya ukavu huo ndimo mapambo mapya yalimoota. Vitambaa vya kufuma kwa sindano vilivikwa migongo ya viti, kila kimoja na ua lake. Kalenda za miaka iliyopita zikabaki ukutani kwa sababu ya picha. Karatasi za magazeti zikabandikwa kwa uji wa unga wa muhogo. Neno KARIBU likaandikwa juu ya mlango, na pengine mwaka wa kujengwa nyumba chini yake. Watu wa mjini hupenda kudharau vitu hivi. Afadhali mtu atazame vilivyopangwa: aghalabu ataona kwamba nyekundu imewekwa karibu na mlango, na nyeupe mahali pa mgeni kukaa.

Yafaa kutaja hapa neno la sifa ambalo nyumba ya namna hiyo hupewa. Kiswahili hakiisifu nyumba kwa kusema ina joto. Joto la nyumba ni kero ya bati mwezi wa Novemba. Husemwa kwamba nyumba imechangamka, kitenzi kile kile cha mtu mwenye uso mkunjufu, na kinyume chake nyumba imezubaa. Sifa hiyo yategemea uso, na kusiliba, kama ilivyoelezwa, ni kuupa ukuta uso.

Kamusi zimeitendea kazi hii uchoyo. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, na hata Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, zimejaa kwa haki majina ya sehemu za jahazi, na nyumba ya mawe ya pwani imepata zidaka zake na boriti zake. Ngeu, udongo mwekundu, imo, lakini hukumbukwa kama chombo cha seremala cha kupigia mistari. Mwanamke aliyeipaka ukutani hakuulizwa. Waliokusanya maneno walikuwa wanaume, walikaa barazani na wanaume, na baraza ilikwisha kusilibwa walipofika. Wanaoweza kuutenganisha udongo wa ukuta na udongo wa sakafu kwa kuugusa tu, na kuutaja kila mmoja kwa jina lake kwa Kimwera na kwa Kiswahili cha huko, sasa ni wazee. Kazi ya kuwauliza haiwezi kungoja kamusi nyingine itimize miaka arobaini.

Siku hizi katika Ruangwa na Nachingwea msimu mzuri wa korosho hufuatwa na ndoo za rangi ya maji na makopo ya rangi ya mafuta. Kuta hupakwa krimu, kijani, hata waridi, na sakafu ya saruji hutiwa unga mwekundu na kusuguliwa mpaka ing'ae. Kwa chini, kuzunguka nyumba yote, fundi hupiga mkanda wa rangi ya mafuta iliyokoza, mwekundu au wa kahawia, kwa kimo cha goti. Akiulizwa sababu, huonyesha upenu.