Ludwig Chronegk na Kuzuka kwa Mwongozaji wa Tamthilia

Jina la Ludwig Chronegk halitajwi sana katika historia ya sanaa za maonyesho. Sifa za kundi la Meiningen aghalabu hupewa Georg II, mtawala wa Sachsen-Meiningen, mojawapo ya vijidola vya Ujerumani. Ni kweli kwamba mtawala huyo ndiye aliyechora mandhari na maleba, na ndiye aliyetoa fedha. Lakini michoro haisemi wala haitembei. Aliyeitia uhai jukwaani alikuwa Chronegk.

Alizaliwa mwaka 1837 mjini Brandenburg, akaingia Meiningen mwaka 1866 akiwa mwigizaji wa vichekesho. Hakuna aliyemtazamia mchekeshaji huyo kuwa msimamizi mkali kuliko wote wa zama zake. Siku hizo mwongozaji alikuwa kama mnyapara tu: alipanga zamu za kuingia na kutoka, huku nyota wa jukwaa wakiigiza watakavyo. Chronegk aliupindua utaratibu huo. Aliyeigiza mfalme leo, kesho aliweza kuamriwa asimame katika umati bila kutamka neno. Umati wenyewe uligawanywa katika vikundi, kila kimoja kikiongozwa na mwigizaji mzoefu, ili watu waliokodiwa katika kila mji wasisimame kama magogo.

Mabadiliko hayo yalidhihirika Berlin tarehe 1 Mei 1874, kundi lilipofungua ziara zake kwa tamthilia ya Shakespeare ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaifahamu kwa tafsiri ya Julius K. Nyerere, yaani Juliasi Kaizari. Anayekumbuka hotuba ya Antonio mbele ya maiti ataona mara moja kwa nini ilichaguliwa. Hotuba ile haina maana pasipo umma unaogeuka hatua kwa hatua, na umma huo ndio hasa uliofanyiwa mazoezi. Tamthilia hiyo ilichezwa zaidi ya mara 300 katika ziara hizo.

Kwa miaka 16 Chronegk alilisafirisha kundi, pamoja na shehena za mapazia, silaha na mavazi, hadi London mwaka 1881, Urusi mwaka 1885, na kwingineko: maonyesho zaidi ya 2,500 kwa jumla. Georg aghalabu alibaki nyumbani. André Antoine aliwaona Brussels mwaka 1888, akavutiwa mno na umati wao, ingawa si kila kitu kilimridhisha.

Konstantin Stanislavski aliwatazama Moscow mwaka 1890. Katika kumbukumbu zake anamweleza Chronegk kuwa mtu mchangamfu nje ya kazi, ambaye saa ya mazoezi ilipowadia alipiga kengele na kugeuka mtu mwingine kabisa. Stanislavski aliuiga ukali huo. Baadaye alikiri kwamba waongozaji wengi wa Urusi nao walimwiga yeye, wakawafanya waigizaji kuwa vyombo tu. Lawama hiyo ina uzito, ila haimwangukii Chronegk peke yake: alikuwa na waigizaji wa wastani, na nidhamu ndiyo iliyokuwa mtaji wake.

Kazi hiyo ilimdhoofisha. Ziara zilikoma mwaka 1890, afya yake ikiwa imekwisha, naye akafariki Meiningen mwezi Julai 1891. Georg aliishi hadi 1914, na kundi halikusafiri tena.