Macintosh Ndani ya Atari

Mwaka 1984 kampuni ya Apple ilianza kuuza kompyuta ya Macintosh kwa dola 2,495. Mwaka uliofuata mshindani wake, Atari, akatoa 520ST kwa dola 799 pamoja na skrini. Zote mbili zilitumia prosesa ya aina moja, Motorola 68000, lakini programu za Macintosh hazikufanya kazi kwenye Atari. Zilihitaji chipu za romu, zilizobeba maagizo ya msingi ya Apple.

Mwaka 1986 Mmarekani David Small alitoa Magic Sac, kifaa cha kuchomeka kwenye Atari ili iigize Macintosh. Hakunakili chipu za Apple. Mnunuzi alizitafuta na kuzipachika mwenyewe. Mwaka 1989 kifaa chake kingine, Spectre GCR, kiliiwezesha Atari kusoma hata disketi za Macintosh.

Je, huo ulikuwa wizi? Naona sivyo. Kilichoigwa ni utendaji wa mashine tu. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa nchini Marekani iliamua kwamba Connectix haikuvunja sheria iliponakili programu ya Sony kwa uchunguzi, ili itengeneze kiigizi cha PlayStation.

Mwanafunzi anayetoka Gitega kwenda Muyinga na kazi yake kwenye flashi huifungua kwa mashine atakayoikuta, si atakayoichagua. Kazi ikifungiwa katika kompyuta ya kampuni moja, bei ya kompyuta hiyo ndiyo itakayoamua nani aisome. Uigizaji ulilegeza kifungo hicho.