Anemoni wa kioo: Historia ya adui wa matumbawe katika majumba ya Ulaya

Mji wa Brussels hauna bahari. Bandari ya Ostend iko umbali wa zaidi ya kilomita 100, na maji ya Bahari ya Kaskazini ni baridi mno kwa matumbawe ya nchi za joto. Hata hivyo, wako wakazi wa mji huo, kama wa miji mingine ya Ulaya, wanaofuga matumbawe hai majumbani mwao. Huyaweka katika matangi ya kioo yenye maji ya chumvi, taa kali na joto la nyuzi 25 hivi za Selsiasi. Miongoni mwa maadui wanaowasumbua sana ni mnyama laini wa rangi ya kahawia, mwenye urefu wa sentimita chache tu, ambaye wataalamu humwita Aiptasia na wafugaji humwita anemoni wa kioo.

Je, mnyama huyo alifikaje humo? Na kwa nini ni vigumu kumwondoa?

Fasheni iliyoanzia Uingereza

Anemoni anafanana na ua, lakini ni mnyama, wa ukoo mmoja na matumbawe na yavuyavu. Hujishikiza kwenye jiwe kwa unyayo wake na kutandaza minyiri iliyojaa vijisindano vya sumu. Tumbawe lililoota jirani naye huchomwa, hujikunyata, na mwishowe nyama yake hufa na kuacha mifupa mieupe.

Historia ya kumfuga mnyama wa aina hii ndani ya kioo inaanzia katikati ya karne ya 19. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua jumba la samaki kwa umma. Mwaka uliofuata, mwanabiolojia Philip Henry Gosse alichapisha kitabu kilichowafundisha wasomaji namna ya kufuga viumbe vya baharini nyumbani. Fasheni ikashika kasi, na anemoni wakawa mapambo ya sebuleni. Gosse huyo huyo ndiye aliyelipa kundi moja la anemoni jina la Aiptasia, mwaka 1858. Hivyo mtu aliyeieneza desturi ya kufuga anemoni ndiye pia aliyempa jina yule ambaye baadaye angekuwa kero kubwa ya wafugaji.

Desturi hiyo ilikuwa na gharama yake. Wakusanyaji walimiminika katika fukwe za Uingereza na kuchokoa kila dimbwi lililobaki miambani wakati wa maji kupwa. Mwanawe Gosse, Edmund, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1907 kwa masikitiko kwamba uzuri alioushuhudia utotoni ulikuwa umekwisha kuharibiwa, na kwamba baba yake mwenyewe alijuta kuwa chanzo bila kukusudia.

Mgeni aliyejificha ndani ya jiwe

Kwa karibu miaka 100 baada ya hapo, matumbawe ya nchi za joto yalikuwa yakifa haraka kila yalipowekwa ndani ya matangi. Mwaka 1961 mfugaji wa Jakarta, Lee Chin Eng, alieleza njia iliyo rahisi: kuchukua mawe kutoka baharini pamoja na viumbe vyake vyote, na kuyaacha yasafishe maji yenyewe. Wafugaji wa mji wa Berlin waliiendeleza njia hiyo, wakaongeza taa kali na mitambo ya kutoa uchafu kwa povu. Kufikia miaka ya 1980 ilikuwa imewezekana kwa mtu wa kawaida wa Ulaya kuyatunza matumbawe kwa miaka mingi.

Lakini jiwe hai halichagui abiria wake. Ndani ya matundu yake walisafiri minyoo, sponji, kaa wadogo na anemoni wa kioo. Baharini, anemoni huyo huliwa na samaki, kamba na konokono, na hupata nafasi ndogo tu. Ndani ya tangi hakuna wa kumla, chakula hakikosekani, na taa huwaka kila siku. Anemoni mmoja aliyepuuzwa anaweza kuwa mamia baada ya miezi michache.

Vita vya chokaa

Jambo la kwanza ambalo mfugaji hulifanya ni kumkwangua kwa kisu au kumponda. Hilo ndilo kosa kubwa. Anemoni wa kioo anaposogea huacha nyuma vipande vidogo vya unyayo wake, na kila kipande huweza kukua na kuwa anemoni kamili. Kumkatakata, basi, ni sawa na kumpanda.

Wafugaji wakageukia sindano. Wengine humdunga maji ya moto, wengine siki au maji ya limau. Dawa iliyoenea zaidi ni chokaa iliyokorogwa hadi ikawa uji mzito, kisha ikamiminwa taratibu mdomoni mwake kwa bomba la sindano, pampu zikiwa zimezimwa. Msikilizaji wa pwani ya Afrika Mashariki anaifahamu vyema chokaa. Ilipatikana kwa kuchoma matumbawe, na ndiyo iliyojengea misikiti na majumba ya Kilwa, Lamu na Unguja. Huko Ulaya inatumika kuyanusuru matumbawe, lakini kwa kipimo. Ikizidi, maji hubadilika ghafla na kuua kile kilichokusudiwa kuokolewa.

Chokaa huua anemoni anayeonekana. Yule aliyejificha nyuma ya jiwe hubaki, na baada ya wiki chache vita huanza upya.

Kumrudisha adui wa asili

Ndipo wafugaji walipoanza kuwarudisha wale ambao tangi liliwaacha nje. Kuna kamba wadogo wenye mistari myekundu, wa jamii ya Lysmata, ambao hula anemoni wachanga usiku, ingawa wengine wakishiba hupuuza kazi na wengine hudonoa matumbawe. Kuna samaki kipepeo mwenye mdomo mrefu, Chelmon rostratus, ambaye huwachomoa kutoka katika matundu, lakini wengi wa samaki hao hugoma kula na kufa njaa wakiwa kifungoni.

Bingwa wa kazi hiyo ni konokono wa baharini asiye na gamba, wa jamii ya Berghia, mwenye urefu wa sentimita mbili hivi. Yeye hula anemoni wa kioo tu. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani walichapisha namna ya kumzalisha maabara, na tangu hapo anaweza kupatikana bila kuchukuliwa baharini. Hufanya kazi polepole, kwa wiki na miezi, na anapomaliza anemoni wa mwisho hukosa chakula na kufa, isipokuwa ahamishiwe tangi jingine.

Sheria iliyotiwa saini Brussels

Kwa mkazi wa Brussels, tumbawe lililochomwa na anemoni ni hasara ya fedha. Kwa bahari, ni zaidi ya hapo. Tangu mwaka 1990 matumbawe yote magumu yamo katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, CITES. Tarehe 9 Desemba 1996, mjini Brussels, Baraza la Umoja wa Ulaya lilipitisha kanuni namba 338/97, iliyoanza kutumika tarehe 1 Juni 1997. Tangu hapo tumbawe gumu lililo hai haliingii katika nchi za Umoja huo bila kibali cha nchi linakotoka na cha nchi linakokwenda, na uagizaji unaweza kusimamishwa pale wanasayansi wanapoona kwamba uvunaji umepita kiasi.

Masharti hayo yaliwahimiza wafugaji kuzalisha matumbawe wenyewe, kwa kukata matawi na kubadilishana vipande. Mzigo kwa bahari ukapungua, lakini anemoni akapata njia mpya. Safari hii hupanda kwenye kipande kinachotoka tangi moja kwenda jingine, bila kibali chochote. Ndiyo maana wafugaji makini hukitenga kipande kipya kwa wiki kadhaa, na hukibandua kutoka kwenye kigingi chake cha zamani kabla ya kukiweka pamoja na vingine.

Adui anayefundisha

Mwaka 1873, mbele ya Chuo cha Kifalme cha Sayansi cha Ubelgiji, mwanazuolojia Pierre-Joseph Van Beneden alitumia neno jipya kuelezea viumbe wa aina mbili wanaosaidiana: ushirika wa manufaa. Matumbawe ni mfano mashuhuri wa ushirika huo. Ndani ya nyama yake huishi mwani usioonekana kwa macho, unaolilisha kwa nguvu ya jua. Anemoni wa kioo naye ana mwani wa jamii hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba yeye akiupoteza huendelea kuishi, ilhali tumbawe huelekea kufa.

Sifa hiyo, pamoja na wepesi wake wa kuzaliana, imemfanya awe mnyama wa maabara. Mwaka 2015 kundi la watafiti lililoongozwa kutoka chuo kikuu cha KAUST, nchini Saudi Arabia, lilichapisha ramani kamili ya jeni zake. Lengo ni kufahamu kwa nini joto huvunja ushirika kati ya mnyama na mwani.

Swali hilo linazigusa moja kwa moja pwani za Waswahili. Mwaka 1998 joto la El Niño lilipausha na kuua sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya na Tanzania. Hata hifadhi za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, hazikunusurika, kwani mipaka ya hifadhi huwazuia wavuvi, haizuii maji ya moto. Majibu yanayotafutwa sasa kwa ajili ya miamba hiyo yanatoka, kwa sehemu, kwa yule yule mnyama ambaye mfugaji wa Brussels humfuata kwa sindano ya chokaa.