Safari Katika Lugha Nne

Basi la kwenda Singida linaposimama Gairo, abiria huteremka kujinyoosha na kununua mahindi ya kuchoma. Mmoja anawahi mazishi, mwingine anarudi chuoni, mwingine anafuata mzigo wa alizeti. Wote wako safarini. Katika mkoa huohuo wa Morogoro, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi iliyoanzishwa mwaka 1964, mgeni kutoka London naye yuko safarini. Ila katika Kiingereza chake neno hilo halihusu mazishi wala alizeti. Ni kwenda kutazama wanyamapori.

Kiingereza kililipata neno hili kwetu katikati ya karne ya 19, enzi ambazo mpelelezi Mwingereza Richard Burton na wenzake walifuata njia ya misafara kutoka pwani hadi Ujiji. Kwa wapagazi, safari ilikuwa mwendo mzima, na mizigo na hongo zake, yaani ushuru wa kupita njiani. Baadaye wakaja wawindaji. Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, aliposhuka Mombasa mwaka 1909, habari za uwindaji wake zilienea duniani, na maana hiyo ikashika mizizi. Hata bunduki ilipoipisha kamera, neno lilibaki mbugani.

Waarabu, ambao Waswahili walilichukua neno kwao, huita mwendo safar, na katika fiqhi hiyo ni hali yenye ruhusa zake: msafiri hupunguza swala, na mwezi wa Ramadhani anaweza kufungua. Kituruki nacho kilichukua neno la msafiri kutoka Kiarabu, lakini misafir wa Kituruki ni mgeni. Kiarabu humwangalia mtu akiwa njiani. Kituruki humpokea akibisha hodi. Methali yetu, msafiri maskini ajapokuwa sultani, inasimama katikati: aliye njiani humtegemea mwenyeji.

Kuna mfanano mwingine. Mkulima wa Gairo husema safari hii mvua zimewahi, naye Mturuki husema bu sefer kwa maana ileile ya mara hii. Lugha zote mbili zimeufanya mwendo kuwa kipimo cha wakati. Kiingereza hakikufika huko.

Hakuna aliyeliharibu neno. Kiingereza kilikuwa na maneno tele ya mwendo. Kilichokosa ni jina la mwendo wa nyika za Afrika Mashariki, kikachukua hilo tu. Kiswahili kiliipa safari kazi zote, kuanzia msiba hadi biashara. Ndiyo maana mwongoza watalii wa Mikumi hulitumia neno kwa maana zote mbili siku moja bila kujichanganya: anajua anazungumza na nani.