Mche, Pia na Mche Duara: Majina ya Maumbo Mango kati ya Ugiriki na Unyanyembe

Hoja kwamba istilahi za hisabati za Kiswahili hazina mizizi, na kwamba usahihi umo katika majina ya Kigiriki pekee, haisimami majina hayo yanapofuatiliwa hadi asili yake. Prisma ilimaanisha kitu kilichokatwa kwa msumeno. Kylindros ilikuwa kitu cha kuviringisha, kubos, dadu, konos, tunda la msonobari. Ni maneno ya karakana na ya mchezo, ambayo Euclid aliyawekea mipaka takriban mwaka 300 K.K.

Unyanyembe ilikuwa na maumbo yayo hayo kabla ya kuwa na madarasa. Burton na Speke walipofika Kazeh, eneo la Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, bidhaa za pwani zilisafiri mabegani mwa wapagazi, na mtumba wa nguo ulifungwa mrefu na wa mviringo kama mto wa kulalia. Msonge wa Wanyamwezi ulikuwa na ukuta wa duara na paa lililochongoka. Tembe la Kwihara, alimokaa Livingstone mwaka 1872, lina kuta zilizonyooka. Msafara haukuhitaji jina la umbo tupu, ulihesabu mitumba. (Robota la mitumba la leo, lililobanwa kwa mashine, limerithi jina na kuacha umbo.)

Jina la umbo lilihitajika shuleni, hasa Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia elimu yote ya msingi baada ya 1967. Mwenye duka akatapo mche wa sabuni, kila mkato huonesha uso uleule. Hiyo ndiyo sifa ya mche wa kihisabati, na msumeno wa Wagiriki hauko mbali. Pia ni kichezeo kizungukacho juu ya ncha yake. Euclid naye hufafanua konos kwa kuzungusha pembetatu mraba.

Utata umo katika mche duara. Kwa Euclid, prisma huzungukwa na nyuso bapa, ilhali kylindros huzaliwa kwa kuzungusha mstatili: koo mbili. Kiswahili kimeziunganisha. Anayemshika Euclid neno kwa neno ataliita hilo kosa. Hata hivyo, ujazo wa maumbo yote mawili ni eneo la kitako mara kimo, na jina la Kiswahili linaudhihirisha undugu huo. Mwanafunzi wa Tabora aingiapo kidato cha kwanza huyakuta majina ya Kigiriki kupitia Kiingereza, yakiwa mawili yasiyohusiana, na kanuni moja huandikwa daftarini mwake mara mbili.